Monita kubwa kwa kompyuta kuukuu: safari ya kioo mpaka Tezo

Leo hakuna msimbo wala darasa la programu. Nataka tuzungumze habari za kioo: monita, skrini, iite upendavyo. Swali ni dogo tu. Mtu ana kompyuta ya mezani ya miaka kumi na tano, bado inafanya kazi, mfuko si mkubwa, na anataka kioo kikubwa. Anunue kipi?

Ukimuuliza mwenye duka atakuambia kile alicho nacho. Mimi naona jibu liko kwenye historia, kwa sababu duka la mitumba ya kompyuta ni kama shimo la mchanga kule Gede. James Kirkman alipoanza kuchimba yale magofu mwaka 1948 alikuwa akisoma vigae tabaka kwa tabaka: hiki cha Uchina, hiki cha Uajemi, hiki cha hapa hapa. Ukiingia duka la mitumba Kilifi, Malindi au Mombasa ni vile vile. Rafu moja ina vioo vya 2004, vya 2008, vya 2012 na vya 2019, vyote vimepanguswa vumbi na vyote vinaitwa "ex-UK". Asiyejua tabaka atalipia kigae kwa bei ya sahani.

Tuanze na plagi. Geuza monita yako uangalie mgongoni. Huenda ukaona tundu la buluu lenye matobo 15 katika mistari mitatu. Hiyo ni VGA. IBM waliileta mwaka 1987 pamoja na kompyuta zao za PS/2, na kazi yake wakati huo ilikuwa kubeba picha ya pikseli 640 kwa 480 yenye rangi 16. Yaani tundu hilo limenizidi umri kwa miaka kama kumi, na bado juzi nimelichomekea waya hapa Tezo likafanya kazi. Katika ulimwengu wetu ambapo chaja ya simu hubadilika kila ukigeuka, hili si jambo dogo.

VGA ilibuniwa kwa ajili ya monita za zamani, zile nene za nyuma. Wenzetu wa Tanzania huziita za chogo, jina zuri, nami nitalitumia. Asili ya chogo ni bomba la kioo alilolitengeneza Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Ndani hakuna hewa. Nyuma kuna bunduki ya elektroni, shingoni kuna koili za shaba zinazoupindisha ule mwale kulia na kushoto, juu na chini, na mbele kuna unga unaowaka ukipigwa. Mwale unachora mstari baada ya mstari, mara 60 au 85 kwa sekunde. Ukiiacha kwenye 60 picha inacheza cheza na kichwa kinauma. Chumba cha kompyuta cha shule niliyosoma kilikuwa na chogo kumi na mbili, zote kwenye 60, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa kuna mahali pa kubadilisha. Mwalimu alituambia tunaumwa kichwa kwa sababu hatujala.

Chogo ilikuwa na sifa moja ambayo watu wameisahau: haikuwa na idadi maalumu ya pikseli. Ukitaka 800 kwa 600, sawa. Ukitaka 1024 kwa 768, sawa, mwale unajipanga upya na picha inabaki safi. Kadi ya picha ndiyo iliyokuwa na mpaka. Kwa mfano kadi yenye kumbukumbu ya megabaiti moja, ya miaka ya tisini, iliweza 1024 kwa 768 kwa rangi 256 tu, maana kila pikseli ni baiti moja na jumla ni baiti 786,432. Ukitaka rangi zaidi, punguza ukubwa. Hesabu hiyo bado tutaihitaji.

Ubaya wake mnaujua. Ya inchi 17 ilikuwa na uzito wa kilo kumi na sita hivi au zaidi, na ile "17" yenyewe ilikuwa ya bomba zima. Ukitoa kingo zilizofichwa na plastiki unabaki na 16. Umeme ilikula kama wati 80.

Sasa zilifikaje huku kwetu? Nyingi zilikuja kwa kontena, zikiwa zimeshatumika. Makampuni na vyuo vya Ulaya na Marekani vilikuwa vikibadilisha kompyuta kila miaka mitatu au minne, na zile zilizotolewa zilipitia mikono mingi, nyingine Dubai, hadi bandari ya Mombasa. Mwaka 2002 ilianzishwa Computers for Schools Kenya, shirika lisilo la faida ambalo kazi yake ilikuwa kupokea kompyuta zilizotumika, kuzikarabati na kuzipeleka shuleni. Wanafunzi wengi wa rika langu nchini Kenya waligusa kipanya kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo au inayofanana nayo. Kuna watu hudharau sana hivi vitu vya msaada. Mimi siwezi. Bila chogo zile kumi na mbili sijui kama leo ningekuwa naandika programu.

Lakini hapo katikati kuna jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo. Kuanzia 1996 hadi 2006 watengenezaji wakubwa wa mabomba ya chogo walikuwa wakikutana kwa siri kupanga bei, kugawana masoko na kupunguza uzalishaji ili bei isishuke. Mikutano ya wakubwa wenyewe waliiita ya "green", kwa sababu mara nyingi ilifuatiwa na mchezo wa gofu. Desemba 2012 Tume ya Ulaya iliwatoza faini ya jumla ya euro bilioni 1.47, na majina yaliyokuwamo ni ya kampuni ambazo sote tunazifahamu: Philips, LG, Samsung SDI, Panasonic, Toshiba. Tume ilieleza kuwa bomba lilikuwa asilimia 50 hadi 70 ya bei ya skrini nzima. Kwa hiyo ukipandisha bei ya bomba umepandisha bei ya kompyuta.

Je, wale wa vioo bapa? Hao nao. Teknolojia ya maji-fuwele ilitangazwa na RCA ya Marekani mwaka 1968, ikiongozwa na George Heilmeier. RCA hawakuifanyia biashara kubwa, Wajapani wakaichukua, na mwaka 1973 Sharp wakauza kikokotoo cha mfukoni chenye kioo hicho. Ilichukua karibu miaka thelathini zaidi kufika kwenye meza za kawaida. Na pale pale ilipoanza kufika, Oktoba 2001, watengenezaji wa Korea na Taiwan walianza vikao vya kila mwezi katika vyumba vya hoteli, wakaviita vikao vya "crystal". Viliendelea hadi mapema 2006. Novemba 2008 LG Display, Sharp na Chunghwa walikubali makosa Marekani na kutozwa jumla ya dola milioni 585. Desemba 2010 Ulaya ikaongeza euro milioni 648 kwa kampuni sita za Korea na Taiwan, ambapo Samsung ilisamehewa faini kwa kuwa ndiyo iliyochoma wenzake.

Wanunuzi wa Marekani walifungua kesi na wakarudishiwa sehemu ya fedha zao. Mwenye saiba wa Malindi aliyenunua vioo bapa sita mwaka 2004 kwa mkopo hakuwa kwenye orodha ya kulipwa. Naye alilipa bei ile ile iliyopangwa hotelini, tena akaongeza usafiri na faida ya watu watatu wa njiani. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema kuwa Waafrika walichelewa kwenye kompyuta kwa sababu hawakuwa na hamu, huwa namuomba kwanza anihesabie bei ya kioo.

Haya, tuendelee. Baada ya 2006 bei ilianguka kweli. Kufikia 2008 televisheni bapa zilikuwa zimezipita za chogo katika mauzo duniani, na ofisi za Ulaya zikaanza kumwaga chogo zao kwa malori. Huku kwetu hilo lilikuwa na sura mbili: vitu rahisi sokoni, na hofu ya kugeuzwa jaa. Uganda mwaka 2009 ilitangaza marufuku ya kuingiza kompyuta, televisheni na friji zilizotumika. Mwaka huo huo wa 2009 nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zilitua Mombasa. Hapo ndipo kila mtu alipotaka kompyuta, na hapo ndipo tabaka la vioo bapa linapoanza katika maduka yetu.

Sasa naomba utulivu kidogo maana hapa ndipo watu huliwa fedha zao: umbo.

Vioo bapa vya kwanza vilikuwa vya mraba-mraba. Vya inchi 15 vilikuwa 4 kwa 3, na vile maarufu vya inchi 17 na 19 vilikuwa 5 kwa 4, pikseli 1280 kwa 1024. Halafu vikaja vipana vya 16 kwa 10: inchi 19 zenye 1440 kwa 900, na inchi 22 zenye 1680 kwa 1050. Halafu kati ya 2008 na 2010 karibu soko lote likahamia 16 kwa 9, umbo la televisheni. Waliambiwa wanunuzi kuwa ni kwa ajili ya filamu. Sababu ya kiwandani ni ya fundi cherehani: vioo hukatwa kutoka bamba kubwa moja, na ukikata maumbo yanayofanana na ya televisheni unabaki na vipande vichache vya kutupa.

Tatizo ni kwamba inchi hupimwa kwa mshazari, pembe hadi pembe. Kadiri umbo linavyokuwa refu na jembamba, ndivyo inchi zile zile zinavyokupa eneo dogo. Chukua rula. Kioo cha inchi 19 cha mraba kina upana wa sentimita 37.7 na kimo cha 30.1, eneo lake ni kama sentimita za mraba 1,135. Kile cha inchi 18.5 cha 16 kwa 9, ambacho dukani utaambiwa ni "19 wide", kina upana wa 41 na kimo cha 23, eneo 943. Kimepoteza sentimita saba za kimo! Kwa mtu anayetazama filamu si neno. Kwa mtu anayechapa barua na kujaza fomu, sentimita saba ni nusu ya aya.

Angalia na hiki: inchi 22 ya 16 kwa 10 ina kimo cha 29.6 na upana wa 47.4. Yaani ni ile 19 ya mraba iliyoongezewa karibu sentimita kumi ubavuni, kimo hakijaguswa. Inchi 21.5 ya 16 kwa 9 ina kimo cha 26.8. Inchi 24 ya 16 kwa 9 inarudi kwenye 29.9. Kwa maneno mengine, ili upate kimo kile kile cha 19 ya mwaka 2005, kwenye umbo la kisasa unahitaji 24. Kama kuna kitu kimoja utakachokumbuka ukiingia dukani, kumbuka kubeba rula.

Niseme kwa nini nimelichimba jambo hili. Mjomba wangu ana ofisi ya uchapaji hapa Tezo, kando ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi, ukishaupita mji wa Kilifi kuelekea Malindi. Zamani ilikuwa barua na mitihani ya shule. Siku hizi ni eCitizen, KRA, na vijana wanaoomba mkopo wa chuo. Kosa moja katika namba ya kitambulisho na kijana wa watu anakosa dirisha la maombi. Macho ya mjomba yana umri wa miaka sitini na kitu. Kompyuta yake ni Dell OptiPlex 780, na kioo kilikuwa cha inchi 17 ambacho taa yake ilishakuwa njano kama chai. Bajeti shilingi 8,000, si zaidi.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi sitaki cha kisasa. Nataka kile ambacho tatu haifanani na nane."

"Sawa mjomba, lakini nipe wiki moja."

"Chukua mbili. Usiniletee televisheni."

Alikuwa amewahi kushauriwa televisheni, na ushauri huo husikika sana. Hesabu yake inaonekana tamu: televisheni ya inchi 32 ya mtumba hupatikana kwa fedha inayokaribiana na monita nzuri. Lakini nyingi za bei hiyo ni pikseli 1366 kwa 768 tu. Zitandaze kwenye inchi 32 unapata pikseli 49 kwa kila inchi moja. Inchi 22 ya 1680 kwa 1050 ina 90, na 24 ya 1920 kwa 1080 ina 92. Televisheni imetengenezwa kutazamwa kutoka kwenye kochi. Ukiikaribia kwa urefu wa mkono unaona vigae, si herufi. Tena nyingi hukata kingo za picha kwa desturi ya zamani ya utangazaji, hivyo kitufe cha kuanzia kinafichika nusu. Kuna na jambo la ushuru: katika jedwali la pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza 2005 na makundi yake ya asilimia 0, 10 na 25, monita za kompyuta ziliwekwa kwenye sifuri na televisheni kwenye 25. Ukinunua televisheni uitumie kama monita, unalipa kwa ajili ya kitu usichokihitaji.

(Kinyume chake kiliwahi kuwa na maana. Wengi wetu tulikuwa na kile kisanduku kidogo cha kugeuza monita ya chogo kuwa televisheni, unachomeka antena upande huu na VGA upande ule. Mapema 2015 Kenya ilipozima mawimbi ya analogi, visanduku hivyo vikafa.)

Sasa upande wa kompyuta yenyewe. Watu huogopa kwamba kompyuta kuukuu "haitaweza" kioo kikubwa. Rudini kwenye hesabu ya baiti. Picha ya 1680 kwa 1050 kwa baiti nne kila pikseli ni baiti milioni saba na kidogo. Kompyuta za 2005 zenye chipu ya Intel 945G zilikuwa na uwezo wa kutoa hadi 2048 kwa 1536 kupitia VGA. Kwa kazi za ofisi, basi, nguvu ipo. Kilichosumbua kilikuwa kitu kingine, cha kijinga zaidi: orodha. BIOS ya picha ya Intel za kipindi kile ilikuwa na orodha ya ukubwa inaoujua, na maumbo mapana mengi hayakuwamo. Ungeunganisha kioo cha 1440 kwa 900 kwenye Linux ukapewa 1024 kwa 768 iliyovutwa kama ngozi ya ngoma. Wadukuzi waliandika programu ndogo iitwayo 915resolution iliyokuwa ikifuta mstari mmoja wa ile orodha kwenye kumbukumbu na kuandika mwingine juu yake kila kompyuta ikiwaka. Mwaka 2009 kerneli ya Linux ikaanza kupanga picha za Intel yenyewe bila kuiuliza BIOS, na shida ikaisha. Ukiwa na Linux ya leo kwenye mashine ya 2006 hutaliona tatizo hilo kabisa.

Na kumbukeni kioo bapa si chogo: kina idadi yake kamili ya pikseli. Ukikilisha picha pungufu kinakisia zilizobaki, herufi zinapata ukungu, na hapo ndipo tatu inafanana na nane. Mara nyingi mtu analalamika kuwa monita ni mbovu kumbe ni mpangilio tu. Kioo hujitambulisha kwa kompyuta kupitia waya ule ule, kwa taratibu iliyowekwa 1994. Nyaya za bei ya kutupa huwa zimepunguza pini zinazobeba ujumbe huo, na kompyuta inabaki kubahatisha. Badilisha waya kabla hujabadilisha kioo.

Kuhusu matundu: DVI ilikuja 1999, HDMI mwishoni mwa 2002, DisplayPort 2006. Desemba 2010 Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG Display walitangaza kwa pamoja kuwa wataizika VGA ifikapo 2015. Haikuzikika kwa wakati, lakini monita nyingi mpya sasa hazina tena tundu la buluu. Kama kompyuta yako ina VGA peke yake na kioo kina HDMI peke yake, waya mtupu hautoshi. Mmoja anazungumza analogi na mwingine dijitali, unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani yake. Kutoka DVI ya dijitali kwenda HDMI ni rahisi, waya mtupu unatosha. OptiPlex 780 ya mjomba ina VGA na DisplayPort, na DisplayPort hiyo kwa adapta ndogo inaingia DVI bila ugomvi. Watu wengi wenye mashine hiyo hawajawahi kuligusa tundu hilo, wanadhani ni USB iliyoharibika.

Mwishowe nikabaki na viwili mkononi. Kimoja 24 ya 16 kwa 9 yenye taa za LED, shilingi 9,500, imepita bajeti. Kingine 22 ya 16 kwa 10, ya kizazi cha mirija ya fluoresenti, shilingi 6,000. Nilimchukulia hiki cha pili. Kimo kinakaribia sawa, pikseli za 22 zina ukubwa unaofaa macho ya mjomba, na kina DVI. Ubaya wake ni umeme: hiki kinakula kama wati 45, cha LED kingekula kama 22. Kwa saa nane kwa siku na siku 26, hizo ni uniti 9.4 kwa mwezi dhidi ya 4.6. Karibu uniti tano za tokeni kila mwezi, na kwa miaka miwili tofauti ya bei itakuwa imeanza kuliwa. Angekuwa na 3,500 za kuongeza ningemwambia achukue LED, na wewe kama unazo fanya hivyo.

Ukinunua vya kizazi hiki, omba kiwashwe kikiwa baridi na usubiri robo saa. Mrija uliochoka huanza na rangi ya waridi au njano kisha unapata nafuu, na muuzaji anajua, ndiyo maana huwa tayari amekiwasha kabla hujafika. Kikiwaka sekunde mbili kikazima, mara nyingi ni kapasita zilizovimba kwenye bodi ya umeme, ugonjwa ulioenea sana katika vifaa vya miaka ya 2000. Fundi mzuri anazibadilisha siku hiyo hiyo. Huku pwani ongeza chumvi: tazama skurubu za tundu la VGA, zikiwa na kutu ya kijani kioo kilikaa karibu na bahari na bodi yake ndani haitakuwa tofauti.

Yamebaki yale machogo. Shule niliyosoma bado ina tisa stoo, na nilipokwenda kusalimia walimu nikaambiwa vijana wa vyuma chakavu wameziulizia. Wanachotaka ni ile shaba ya shingoni; huvunja shingo, huchukua koili, na bomba hubaki shambani. Kioo cha nyuma cha chogo kina risasi inayohesabika kwa kilo, si kwa gramu, na mbele kuna ule unga. Tena bomba likiwa limetoka kutumika linaweza kushika umeme uliotokana na volti zaidi ya elfu ishirini. NEMA ilitoa mwongozo wa taka za elektroniki mwaka 2010, na Nairobi kuna WEEE Centre, iliyotokana na wale wale wa Computers for Schools, ambayo huzipokea. Shida ni kilo mia moja na hamsini na barabara ya kilomita zaidi ya mia tano. Mwalimu mkuu amekubali zisiuzwe wala kuvunjwa mpaka lori la mtu anayerudi Nairobi tupu lipatikane. Kama una lori na unapita Tezo, niandikie.